Kunyoosha picha ya TV ya chogo: mwongozo kamili kuanzia kwenye king'amuzi hadi kwenye koili ya shingoni

Wengi wanaoshindwa kurekebisha picha iliyohama, iliyoinama au iliyojikunja kwenye TV ya chogo hushindwa kwa sababu moja: huanzia ndani. Mfuniko wa nyuma hufunguliwa kabla king'amuzi hakijakaguliwa, vidude huzungushwa kabla ya kuwekewa alama, na kufikia jioni TV iliyokuwa na kasoro moja huwa na kasoro tatu. Mwongozo huu unakwenda kutoka nje kuelekea ndani, na hatua nyingi zina ishara ya kukuonyesha kwamba zimefanikiwa. Ukiiona ishara hiyo, ishia hapo, hata kama umebakiza hatua nne.

Mfano nitakaoutumia ni TV ya inchi 21 yenye kioo cha uwiano wa 4:3, iliyounganishwa na king'amuzi kwa waya wa AV wenye vichwa vya njano, nyeupe na nyekundu. Kwa TV kubwa za inchi 25 na 29 nitataja tofauti pale zinapojitokeza.

## Vitu vya kuandaa

Kwa hatua za nje, ambazo hazihitaji kufungua chochote, andaa vitu hivi:

- Rimoti asili ya TV, au ile inayofanana nayo kabisa. Rimoti za jumla zinazouzwa madukani mara nyingi hukosa vitufe vinavyofungua menyu ya fundi.
- Simu yenye kamera.
- Flashi yenye picha ya kupimia, ambayo nitaeleza hapa chini namna ya kuitengeneza.

Kwa hatua za ndani, ongeza hivi:

- Bisibisi ya nyota yenye shingo ndefu, kwa kuwa skrubu za mfuniko wa nyuma huzama ndani ya matundu.
- Bisibisi bapa yenye mpini wa plastiki usio na ufa, pamoja na waya wenye klipu za kubana kwenye ncha zote mbili.
- Mita ya kupimia umeme inayofika volti 500 au zaidi za DC, na rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5.
- Kalamu ya wino usiofutika na kioo cha kujitazamia.
- Chuma cha kulehemu na risasi yake, kwa hatua ya mwisho tu.

Picha ya kupimia huchorwa kwenye kompyuta au kwenye simu. Fungua ukurasa mweusi wenye pikseli 1024 kwa 768, kisha uchore mistari myeupe kila baada ya pikseli 64. Utapata miraba 16 kwa upana na 12 kwa urefu. Katikati weka alama ya msalaba, na juu yake duara lenye kipenyo cha miraba 10. Hifadhi picha hiyo kwenye flashi na uichomeke kwenye king'amuzi chenye tundu la USB au kwenye deki ya DVD inayosoma picha. Usijaribu kunyoosha picha kwa kutazama mpira au taarifa ya habari, kwa sababu jicho haliwezi kupima mstari usiokuwepo.

## Hatua ya 1: Tambua kasoro inatoka wapi

Washa TV na uiache kwa dakika 20, kwa kuwa ukubwa na mahali pa picha hubadilika kidogo wakati mashine inapata joto. Kisha fungua menyu ya kawaida ya TV yenyewe, ile ya mwangaza na rangi, na uitazame pamoja na picha iliyo nyuma yake.

Ikiwa picha imebanwa lakini maandishi ya menyu ya TV yamekaa vizuri, kasoro inatoka kwenye king'amuzi au deki. Ikiwa menyu nayo imeinama, imebanwa au imejikunja pamoja na picha, kasoro ni ya TV. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, na ndilo ambalo karibu kila mtu huliruka.

Sasa iite kasoro kwa jina lake. Picha iliyosogea upande mmoja bila kubadilika umbo ina tatizo la mahali. Picha iliyoshuka upande mmoja kama fremu iliyoning'inizwa vibaya ukutani imeinama. Duara linaloonekana kama yai limevurugika uwiano. Mistari ya juu iliyorundikana, au mstari mmoja mweupe unaokata katikati ya kioo, ni kasoro ya saketi ya wima, ile inayoitandaza picha juu na chini. Madoa ya rangi kwenye pembe ni suala la usumaku.

Onyo: Ukikuta mstari mmoja mkali wa mlalo na kioo chote kilichobaki ni cheusi, zima TV mara moja. Mwanga wote umekusanyika sehemu moja na utaunguza unga unaong'aa uliopakwa ndani ya kioo, na alama hiyo haitatoka. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 5 na kisha ya 7.

## Hatua ya 2: Rekebisha king'amuzi

Ving'amuzi vingi huja vimewekwa kwenye uwiano wa 16:9, ambao ni wa TV bapa. Kwenye kioo cha 4:3 uwiano huo huwafanya watu waonekane warefu na wembamba, na mwenye TV huamini kwamba picha imeharibika.

Ingia kwenye mipangilio ya king'amuzi, tafuta sehemu ya uwiano wa picha, na uchague 4:3. Ukipewa aina mbili za 4:3, ile ya Letterbox huonyesha picha nzima pamoja na pau nyeusi juu na chini, na ile ya Pan & Scan hujaza kioo kwa kukata pande. Pau nyeusi za Letterbox si ugonjwa, kwa hiyo usijaribu kuziondoa kwa kuivuta picha ndani ya TV.

Hakikisha pia kwamba mfumo wa video umewekwa PAL, wala si NTSC. PAL huchora picha mara 50 kwa sekunde na NTSC karibu mara 60, na TV nyingi huhifadhi vipimo tofauti kwa kila mfumo. Hiyo ndiyo sababu TV inaweza kuonyesha picha iliyonyooka kwenye king'amuzi na iliyohama kwenye deki ya DVD.

Imefanikiwa ikiwa: duara la picha ya kupimia ni la mviringo. Lipime kwa rula, kwa upana na kwa urefu.

## Hatua ya 3: Ondoa sumaku zilizo karibu

Miale inayochora picha ndani ya TV ya chogo huongozwa kwa usumaku, kwa hiyo sumaku yoyote ya jirani huipotosha. Mhalifu mkubwa sebuleni ni sabufa. Spika zake hazina kinga kama ile ya spika za ndani ya TV, na mara nyingi hupangwa kwenye rafu ileile, bega kwa bega na kioo. Isogeze angalau mita moja. Feni ya mezani na stebilaiza nazo zikae mbali.

Usumaku wa dunia nao una sehemu yake. TV inayotazama kaskazini inaweza kuinamisha picha kidogo tofauti na ilivyokuwa ikitazama mashariki. Kama picha iliinama baada ya kuhama nyumba au kupanga upya samani, geuza TV robo mzunguko na utazame kabla ya kufanya jambo lolote jingine.

Baada ya hapo, iache TV ijisafishe. Ndani yake, kuzunguka kioo, kuna koili inayofuta usumaku kila TV inapowashwa ikiwa baridi, na mlio mfupi wa mtetemo unaousikia unapowasha ni wa koili hiyo. Zima kwa swichi ya TV au ukutani, wala si kwa rimoti, subiri dakika 30, kisha washa. Kusubiri ni kwa lazima, kwa sababu kidude kinachoiendesha, ambacho mafundi hukiita posista, hakifanyi kazi tena mpaka kipoe. Kuwasha na kuzima mfululizo hakusaidii. Madoa mazito huenda yakahitaji kurudia mara kadhaa.

Kama mlio huo hausikiki kabisa na madoa hayatoki, posista inaweza kuwa imekufa. Ikitolewa na kutikiswa ikalia kama njuga, kidonge cha ndani kimevunjika na inatakiwa mpya.

Onyo: Usipitishe sumaku ya spika mbele ya kioo kwa matumaini ya kufuta madoa. Inaweza kupinda au kusumakisha bamba jembamba lenye matundu lililo nyuma ya kioo, na bamba likishapinda TV haina dawa.

Imefanikiwa ikiwa: ukurasa mweupe unaonekana mweupe hadi pembeni, na mistari ya mlalo imenyooka.

## Hatua ya 4: Tumia menyu ya fundi

TV nyingi zilizotengenezwa kuanzia miaka ya 1990 hazina vidude vya kuzungusha nyuma kwa ajili ya upana na urefu. Vipimo hivyo vimo kwenye kumbukumbu ya mashine na hufunguliwa kwa rimoti. Hapa ndipo picha iliyohama hurekebishwa, na kama kazi hii itakuchukulia siku nzima, basi ikuchukulie hapa kuliko kwenye hatua zinazofuata.

Namna ya kuingia hutofautiana. Kwenye nyingi za Sony Trinitron, TV ikiwa imezimwa kwa rimoti, bonyeza kwa haraka kitufe cha kuonyesha taarifa, kisha 5, kisha kuongeza sauti, kisha kuwasha. Kwenye nyingi za Philips, TV ikiwa inawaka, bonyeza 0, 6, 2, 5, 9, 6 bila kusita, kisha kitufe cha taarifa. Kwa TV za Kichina zenye majina ya kila namna, njia iliyozoeleka ni kupunguza sauti hadi sifuri kwa kitufe cha kwenye TV yenyewe, kuendelea kukishikilia, na papo hapo kubonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti. Njia ikigoma, tafuta namba ya chesisi, yaani ya muundo wa bodi ya ndani, iliyoandikwa kwenye karatasi ya nyuma na uulize kwa namba hiyo, maana jina la mbele halimwelezi fundi chochote.

Ukishaingia, usibadilishe kitu. Piga picha kila ukurasa kwa simu, pamoja na namba zake zote. Picha hizo ndizo njia yako pekee ya kurudi nyuma.

Kisha weka picha ya kupimia na ufuate mpangilio huu, kwa sababu kila kipimo hugusa kinachofuata:

1. Mteremko wa wima, unaoandikwa VSL au VS kwenye mashine nyingi. Huu huamua kama nusu ya juu na nusu ya chini zinalingana. Hesabu miraba kutoka kwenye msalaba kwenda juu na kwenda chini.
2. Urefu, unaoandikwa VAM, VA au VSIZE.
3. Mahali pa wima, VSH au VPOS. Msalaba uwe katikati ya kioo.
4. Mahali pa mlalo, HSH, HS au HPOS. Picha iliyosogea kushoto au kulia hurudishwa hapa.
5. Umbo la S, SC au SCL, linalosawazisha miraba ya juu kabisa na ya chini kabisa na ile ya katikati.

Kwenye TV nyingi za inchi 21 upana hauna kipimo kwenye menyu. TV za inchi 25 na 29 huwa na kundi la vipimo vinavyoanza na EW, vinavyorekebisha upana na pande zilizopinda kama kiuno. Kama TV yako kubwa imepinda pande na namba za EW hazibadilishi chochote unapozipandisha, kasoro iko kwenye saketi, na menyu haitaiponya.

Badilisha namba moja kwa wakati, kwa hatua moja moja. Ukiona majina yanayoanza na 5 na mengine yanayofanana nayo yakianza na 6, ya 5 ni ya mfumo wa 50 na ya 6 ni ya mfumo wa 60. Kwa king'amuzi cha PAL, rekebisha ya 5.

Mashine nyingine huhifadhi zenyewe unapotoka, ilhali nyingine hudai amri ya kuandika. Kwenye nyingi za Sony, amri hiyo ni kitufe cha kuzima sauti kikifuatiwa na 0 au ENTER. Zima TV, washa, na uhakikishe kwamba mabadiliko yamebaki.

Onyo: Usiguse vipengele vinavyoitwa OPT au OPTION. Hivyo huiambia mashine ina vipuri gani, na namba moja ikikosewa TV inaweza kukosa sauti, kukosa stesheni au kugoma kuwaka. Na kama ndani ya menyu kioo kinageuka ghafla kuwa mstari mmoja wa mlalo, umebonyeza kitufe cha kupimia mwangaza wa msingi, kwa hiyo kibonyeze tena na picha itarudi.

Imefanikiwa ikiwa: msalaba uko katikati, duara ni la mviringo, na karibu nusu ya mraba wa mwisho imefichwa kila upande. Nusu hiyo ifichike. TV za chogo zilikusudiwa kuvuka ukingo wa kioo kidogo, na anayelazimisha kila mstari uonekane ataishia kuona ukingo mweusi kila mwangaza wa picha unapobadilika.

## Hatua ya 5: Fungua kwa usalama

Sehemu hii isomwe yote kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Bomba la picha la inchi 21 huhitaji umeme wa kati ya volti 20,000 na 25,000, na chaji yake inaweza kubaki baada ya TV kuchomolewa. Kapasita kubwa, kipuri kinachohifadhi chaji, ya upande wa umeme wa ukutani nayo hubeba takriban volti 320. Glavu za jikoni hazikingi lolote kati ya hayo. Kama hukuelewa aya hii, mwite fundi, na hatua zinazobaki zitakusaidia kumfuatilia anachokifanya.

Chomoa waya ukutani na usubiri saa moja. Fungua mfuniko na uuvute taratibu ukinyooka, kwa sababu shingo ya kioo iliyo katikati ni nyembamba na ikivunjika hewa itaingia na bomba litakuwa limekufa.

Bana klipu moja ya waya kwenye waya wa kusuka usio na ganda uliozungushwa mgongoni mwa bomba, na nyingine kwenye chuma cha bisibisi bapa. Mkono mmoja ukiwa mfukoni, telezesha ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyobandikwa juu ya kioo hadi iguse chuma cha ndani. Huenda ukasikia mlio mdogo wa cheche. Rudia baada ya dakika 5, kwa kuwa kioo hurudisha chaji kidogo kidogo.

Pima kapasita kubwa kwa mita. Ikiwa bado ina umeme, gusisha miguu ya rezista kwenye miguu yake ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Usiiunganishe miguu yake kwa bisibisi.

Imefanikiwa ikiwa: kofia haitoi mlio tena, na mita inasoma chini ya volti 5.

## Hatua ya 6: Zungusha koili ya shingoni

Hatua hii ni ya picha iliyoinama peke yake. Koili kubwa ya waya wa shaba iliyokumbatia shingo ya bomba ndiyo inayochora picha, na ikizunguka picha nzima huzunguka nayo.

Kwanza tazama kabari za mpira, kwa kawaida tatu, zilizosukumwa kati ya mdomo wa koili na kioo. Kama bado zimegandishwa imara, koili haikuzunguka yenyewe, na chanzo cha kuinama kiko mahali pengine, kwa hiyo rudi hatua ya 3. Kama gundi imekauka na kabari zinacheza, umempata mkosaji.

Chora mstari mmoja wa wino unaopita juu ya koili na kuendelea kwenye kioo. Legeza skrubu ya kibano cha koili mzunguko mmoja tu. Ukisimama nyuma ya TV, zungusha koili kufuata mshale wa saa ikiwa picha, kwa anayeitazama mbele, imeshuka upande wa kulia. Ikiwa imeshuka kushoto, zungusha kinyume. Nenda nusu milimita kwa mara moja, maana milimita moja kwenye mdomo wa koili hufika milimita kadhaa kwenye kioo.

Kila unapozungusha, TV iwe imechomolewa. Kaza kibano, ondoka nyuma, washa, tazama kwenye kioo cha kujitazamia kilichowekwa mbele, zima, chomoa, na urudie kuondoa chaji. Ni kazi ya kuchosha, na mafundi wengi hufanya TV ikiwaka ili wamalize upesi. Koili hiyo ina mapigo ya umeme ya volti mia kadhaa hadi elfu moja, na haraka yao isiwe yako.

Onyo: Koili isivutwe nyuma. Ikirudi nyuma, pembe za picha huwa nyeusi na rangi huchafuka. Pete za plastiki zenye masikio zilizoko nyuma ya koili, ambazo kiwanda kilizipaka rangi ili zisisogee, zisiguswe kabisa. Hizo hupatanisha nyekundu, kijani na buluu, na kuzirudisha bila kifaa cha kupimia ni kazi ya siku nzima hata kwa fundi.

Imefanikiwa ikiwa: mstari wa katikati una umbali sawa kutoka ukingo wa juu wa kioo, kushoto na kulia. Gandisha kabari kwa gundi ya silikoni.

## Hatua ya 7: Picha iliyobanwa au iliyojikunja

Kasoro hii hutoka kwenye saketi ya wima, yaani IC moja (kipuri cheusi chenye miguu mingi) yenye bamba la kupozea na vipuri vichache vinavyoizunguka. Kwenye TV za inchi 14 hadi 21 mara nyingi IC hiyo ni LA78040 au ndugu zake.

Geuza bodi na umulike tochi kwenye miguu ya IC hiyo na ya soketi ya waya za koili. Ukiona kiduara chembamba cheusi kuzunguka mguu, lehemu imepasuka kwa joto la miaka. Chomea upya kila mguu kwa kuongeza risasi mpya. Mstari mmoja wa mlalo mara nyingi huponea hapa.

Kama lehemu ni nzima, zitazame kapasita. Mistari myeupe iliyorundikana juu ya picha kwa kawaida huelekeza kwenye kapasita ya mikrofaradi 100 iliyo jirani na IC. Weka mpya yenye mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na kiwango cha joto cha nyuzi 105. Mstari wa hasi ulioandikwa ubavuni mwake ukae upande uleule wa ile ya zamani, kwani kapasita iliyogeuzwa hupasuka.

IC ibadilishwe ikiwa lehemu na kapasita ni nzima lakini mstari bado upo. Kabla ya kununua, mwombe fundi apime kama umeme wake, takriban volti 24, unafika, kwani IC mpya nayo haitafanya kazi ikiwa umeme huo haufiki.

Ikiwa picha imepungua pande zote nne kwa pamoja, tatizo ni volti kuu ya TV, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye bodi kama B+. Usizungushe kidude chake ili kuipanua picha, kwani kuipandisha hupandisha pia umeme wa bomba na kuongeza miale ya eksirei inayotoka kwenye kioo. Mpelekee fundi TV hiyo pamoja na picha ulizopiga kwenye hatua ya 4, na umwambie kwamba imepungua pande zote nne, ili aanzie kwenye pawa badala ya kuanza kuchokonoa menyu.